Magugu kwenye stroberi Mombasa: soma dalili kabla hujashika jembe

Stroberi ni mmea wa baridi. Kule Limuru na Nyeri inastawi kwa sababu inapenda joto la nyuzi 15 hadi 26. Mombasa, mwezi wa Februari na Machi, mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana. Anayeipanda hapa kwa hiyo huipanda chini ya neti ya kivuli, na huanza mvua za mwaka zikishapungua, Juni hivi, ili miche ishike wakati wa kusi. Hata hivyo mmea unaishi kwa kubana matumizi. Mizizi yake mingi iko kwenye sentimita 15 za juu za udongo, palepale magugu yanapokula na kunywa. Bara mche wa stroberi unaweza kuvumilia mwezi mmoja wa uzembe. Pwani hauwezi, na miezi miwili ya kwanza baada ya kupanda ndiyo inayoamua kama utavuna au utabaki na majani tu.

Tatizo kubwa tunaloliona si uvivu wa kupalilia. Watu wanapalilia, tena kwa bidii, lakini kwa njia moja kwa magugu yote. Jembe linaua gugu la mbegu na linazalisha gugu la kiazi. Kwa hiyo kabla ya lolote, mwagilia tuta, subiri saa moja, kisha ng'oa gugu moja polepole kwa mkono ukishikilia chini kabisa. Tazama kilichotoka. Kama ni mzizi mmoja wenye nyuzinyuzi, hilo ni gugu la mbegu. Kama kuna uzi mweupe au wa kahawia uliokatika, au kijiazi cheusi kama punje ya njugu, lililobaki chini ndilo tatizo lako. Na kama shina limetoa mizizi kila pingili, hilo linasafiri kwa vipande.

Nimepalilia, siku nne tano vimerudi, tena vingi kuliko mwanzo

Hiyo ni ndago. Shika bua lake kati ya vidole viwili ulizungushe: lina pembe tatu, halizunguki vizuri kama la nyasi. Majani yanang'aa, kijani kilichokoza, na likikomaa linatoa maua ya rangi ya hudhurungi juu. Chini ya ardhi viazi vyake vimeungana kwa nyuzi kama tasbihi, vingi vikiwa ndani ya sentimita 20 za juu.

Kinachofanya palizi ya jembe izidishe ndago ni hiki. Mnyororo ukiwa mzima, kiazi cha mbele kinachipua na kuvizuia vya nyuma visiamke. Ukiukata vipande vitano kwa jembe, umewaamsha wote watano, kila mmoja anatoa chipukizi lake. Ukilima tena wiki tatu baadaye, unarudia hesabu hiyohiyo.

Kwenye tuta ambalo tayari lina stroberi, njia inayofanya kazi ni ya subira. Kila siku 10 hadi 14, tuta likiwa na unyevu, ingiza kisu chembamba au bisibisi pana kando ya chipukizi, kina cha sentimita 10 hadi 15, inua udongo kidogo, kisha vuta na kiazi chake. Muda huo haukuchaguliwa ovyo. Chipukizi jipya huishi kwa akiba ya kiazi kwa wiki za mwanzo, halafu kuanzia wiki ya nne hivi linaanza kutengeneza viazi vingine. Ukilitoa kabla ya hapo umekula akiba bila kuiacha irudishwe. Ukichelewa mara moja, wiki sita za kazi zimepotea. Viazi vilivyotolewa usivitupe kwenye lundo la mboji. Vitandaze juu ya bati au sakafu ya saruji kwenye jua kali wiki mbili mpaka vivunjike vikavu.

Kama ndago inatoka karibu sana na mche, usichimbe. Bana bua lake usawa wa ardhi kwa mkasi na ulirudie kila linapotokeza. Halifi upesi, ila mizizi ya stroberi inabaki salama.

Ikiwa tuta bado halijapandwa, una nafasi nzuri zaidi, na tunashauri uitumie yote hata kama miche imeshaagizwa. Acha ndago ichipue kwa wingi baada ya mvua, ifike majani sita hadi nane ikiwa bado haijachanua, ndipo upige glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kwa kipimo cha lebo. Dawa hii hushuka na chakula cha mmea mpaka kwenye viazi, kwa hiyo inahitaji majani ya kutosha ya kuipokea. Kupiga vichipukizi vya majani mawili ni kupoteza pesa. Usiguse udongo kwa wiki mbili. Viazi vilivyokuwa vimelala havifi kwa mpigo huo, hivyo subiri vichipue na upige mara ya pili.

Hapa Mombasa glaifoseti mara nyingi hushindwa kwa sababu ambayo haisemwi kwenye agroveti: maji. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo inaishika dawa kabla haijafika kwenye jani. Dalili yake ni ndago kuwa manjano kidogo halafu kurudi kijani. Tumia maji ya mvua. Ukikosa, tia salfeti ya amonia gramu 200 kwenye pampu ya lita 20, ikoroge iyeyuke yote, ndipo umimine dawa. Maji yenye tope nayo yanaiharibu vilevile.

Asiyetaka dawa apande viazi vitamu au kunde zilizobanana kwa msimu mmoja kabla ya stroberi. Ndago haipendi kivuli, na majani yakiziba ardhi inadhoofika sana.

Vinatoboa karatasi ya plastiki

Ni ndago bado. Ncha ya chipukizi lake ni kali na hutoboa karatasi ya kawaida ya matandazo kama sindano. Magugu mengine yanakufa chini ya plastiki, hili halijali. Kuongeza karatasi ya pili ya aina ileile hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kulaza maboksi makavu ya kadibodi chini ya plastiki, yakipandana sentimita 15 kila ukingo na yakiwa yameondolewa gundi za nailoni na pini. Au tumia kitambaa kile kilichofumwa cha kufunikia ardhi, ambacho ni ghali lakini hudumu misimu kadhaa.

Na kama plastiki yako ni nyeusi juu, hilo ni tatizo jingine hata bila magugu. Kwenye jua la Mombasa inachoma matunda yanayoigusa na kupasha mizizi joto. Chagua ile yenye weupe au fedha juu na weusi chini: weupe unarudisha joto, weusi unanyima magugu mwanga.

Magugu yanatoka kwenye tundu la mche tu

Tundu ni kubwa mno. Kwa mche wa stroberi tundu la sentimita 5 hadi 8 linatosha. Watu hukata msalaba mkubwa ili mkono uingie, na mwanga unaingia pia. Lililokwisha kukatwa lizibwe kwa kiganja cha makumbi au majani ya mvinje kuzunguka mche, bila kufunika moyo wake, yaani pale katikati majani machanga yanapotokea. Magugu ya hapo yatolewe yakiwa na majani mawili: vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakandamiza udongo pande zote mbili za moyo wa mche, mkono wa kulia unavuta. Yakipita majani sita, mizizi imeshafumana na ya stroberi, na ukivuta unang'oa vyote viwili.

Nyasi inaingia kutoka ukingoni

Ukoka. Hautokei katikati ya tuta, unatembea kutoka njiani au kwenye uwanja wa jirani, juu na chini ya ardhi. Kuupalilia ndani ya tuta bila kuuzuia ukingoni ni kazi isiyokwisha. Chimba mfereji wa upana wa koleo na kina cha sentimita 20 hadi 25 kuzunguka shamba lote, uuache wazi, na upite na panga kila wiki mbili kukata kila kinachojaribu kuvuka. Ulioingia tayari utolewe kwa jembe uma, si jembe la kawaida, kwa sababu uma unainua nyuzi nzima bila kuzikata. Zipo dawa zinazoua nyasi bila kudhuru mimea ya majani mapana, kama zile zenye fluazifopu. Haziigusi ndago hata kidogo, kwa kuwa ndago si nyasi. Hakikisha lebo inataja stroberi na siku za kungoja kabla ya kuvuna, na kwamba bidhaa ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa hizi.

Yaliyong'olewa yanamea upya pale yalipotupwa

Hapa wako wawili. Danga, wengine huliita tako la Hasani, lina shina nene jekundu lililojaa maji na majani mafupi manene. Likilazwa juu ya udongo wenye unyevu linaendelea kukomaza mbegu zake na hata kutoa mizizi. Wa pili ni kongwe, lenye maua madogo ya buluu na shina linalotambaa. Kila pingili ya kongwe ni mche mpya. Tena lina maua mengine chini ya ardhi, meupe, yasiyofunguka, yanayotoa mbegu bila kuonekana, na kwa sababu hiyo unaona linarudi mahali ambapo hujaliacha lichanue. Glaifoseti hailiwezi vizuri.

Yote mawili ng'oa asubuhi ya jua, tia kwenye ndoo mara moja, usiache hata kipande juu ya tuta. Usitumie slasha wala jembe kwenye kongwe, maana kukatakata ndiko kulipanda. Danga changa linaliwa, na wenye kuku au mbuzi wana pa kulipeleka. Lisipigwe dawa kama lengo ni hilo.

Mchunga nao una tabia yake. Ni mboga inayopendwa Pwani, watu huuacha makusudi ukingoni mwa tuta. Lakini una mizizi inayokwenda mbali chini ya ardhi na kuchipua mita kadhaa kutoka ulipoanza. Upandie kwenye sehemu yake, mbali na stroberi.

Zulia la vichipukizi wiki mbili baada ya kutia samadi

Mbegu zimekuja na mbolea. Ng'ombe na mbuzi hawasagi mbegu zote: mchicha wa porini, mgagani, hata mathenge hupita tumboni zikiwa hai, na za mathenge huota vizuri zaidi baada ya safari hiyo. Samadi iliyokaa miezi sita kwenye lundo bila kugeuzwa imeiva katikati tu. Kwenye ngozi ya lundo mbegu ziko salama.

Lundo liwe na urefu na upana usiopungua mita moja na nusu, liwe na unyevu wa sifongo lililokamuliwa, na ndani lifike nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likigeuzwa mara tano ili ya nje yaingie ndani. Huna kipimajoto? Chomeka nondo mpaka katikati, iache dakika kumi. Ukiitoa ikawa haishikiki mkononi, joto linatosha. Ikiwa vuguvugu tu, ongeza majani mabichi au samadi mpya na maji.

Kwa tuta lililokwisha tiwa samadi mbaya na bado halijapandwa, danganya mbegu: mwagilia kila siku kama vile umepanda, subiri siku 10 hadi 14, kisha parua juujuu, sentimita 2 hadi 3, bila kuzidi. Ukienda chini zaidi unaleta juu akiba nyingine ya mbegu. Rudia mara mbili au tatu. Mwenye muda wa Januari hadi Machi afanye kazi bora zaidi kwa jua la kaskazi: lainisha tuta, limwagilie mpaka chini, litandike karatasi ya plastiki inayoonyesha, iliyobana udongo na kuzikwa kingo zote, wiki nne hadi sita. Iwe angavu. Nyeusi inajipasha yenyewe, haishushi joto chini kama angavu. Njia hii huua mbegu nyingi za juu. Viazi vya ndago vilivyo chini huponea, kwa hiyo usiitegemee kwa ndago.

Nimetandika nyasi kavu, magugu yamezidi

Ama nyasi zilikatwa zikiwa na mbegu, ama matandazo ni membamba. Chini ya sentimita 5 mwanga unapita, lenga 7. Tuta la mita 1 kwa 10, lenye mistari miwili ya stroberi kwa nafasi ya sentimita 30 (miche 66 hivi), linahitaji magunia 6 au 7 ya kilo 90 yaliyojaa matandazo.

Kwa Mombasa tunapendelea majani ya mvinje kuliko nyasi. Hayana mbegu za magugu, hayaozi upesi, na yakilala hushikana bila kuziba maji. Mivinje ndiyo iliyotangulia kupandwa kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, yaliyo leo Haller Park, na anayepita chini yake anaona jinsi zulia lile linavyozuia mimea mingine kuota. Pumba za mpunga ni nzuri pia. Makumbi ya nazi yaloweshwe kwanza kwenye maji matamu na kubadilishwa maji mara tatu, kwa sababu huja na chumvi, na stroberi ni miongoni mwa mimea isiyostahimili chumvi kabisa.

Usisogeze matandazo yakagusa moyo wa mche. Acha duara la vidole viwili. Na mvua zikiwa nyingi yapunguze, konokono na jongoo hujificha humo na kutoboa matunda usiku.

Majani ya stroberi ni manjano: ni magugu au ni kitu kingine?

Hapa ndipo watu hupalilia tatizo ambalo palizi haliwezi kuliondoa. Tazama ni majani gani yameanza.

Ya zamani, ya chini, yakipauka jani zima huku machanga yakiwa mazuri, mmea umenyimwa naitrojeni. Magugu yanaweza kuwa sababu, pia matandazo mabichi yaliyochanganywa na udongo. Palilia, halafu mpe mbolea kidogo yenye naitrojeni.

Machanga, ya katikati, yakiwa manjano na mishipa imebaki kijani, ni upungufu wa madini ya chuma. Udongo wa matumbawe una chokaa, pH (kipimo cha uchachu) inapita 7.5, na chuma kipo ila mmea haukipati. Hata ukipalilia mpaka kuwe kama sakafu, majani hayatabadilika. Inahitaji mbolea ya chuma ya aina ya EDDHA, ile inayofanya kazi kwenye udongo wa chokaa, na mboji nyingi zaidi.

Kingo zikikauka kahawia kama zimeunguzwa, ni chumvi, mara nyingi ya maji ya kisima. Na kwa sababu hiyohiyo, ule ushauri wa kuua magugu kwa maji ya chumvi au ya bahari usiukaribishe popote karibu na stroberi. Udongo utayakumbuka maji hayo muda mrefu baada ya magugu kuota tena.

Miche imelegea siku mbili baada ya palizi

Jembe limekata mizizi ya juu, au udongo umerundikwa juu ya moyo. Fukua moyo uwe usawa wa ardhi, nusu ndani nusu nje, ondoa majani mawili matatu ya zamani ili mmea usipoteze maji, mwagilia kidogokidogo asubuhi na jioni kwa wiki moja. Kuanzia hapo, ndani ya sentimita 15 za mche ni mkono tu. Mpe kibarua kisu cha palizi, si jembe, na umlipe kwa siku badala ya kwa tuta. Anayelipwa kwa tuta ana kila sababu ya kukimbia.

Majani mapya yamekuwa membamba au yamejikunja, baada ya jirani kupiga dawa

Machipukizi membamba, madogo, meupe au manjano chini ya jani: glaifoseti imerushwa na upepo. Majani yaliyopinda kama kikombe na vikonyo vilivyosokotwa: 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana. Hakuna kinachoitoa ndani ya mmea. Kama moyo bado una kijani, mwagilia na usubiri majani mapya, matunda yaliyopo usiyavune. Kwa dawa yako mwenyewe, piga alfajiri kabla upepo wa kusi haujaamka, nozeli iwe ndani ya kikinga cha plastiki, na pampu ya dawa za magugu isitumike kamwe kwa dawa za wadudu.

Kwenye vyungu na mifuko

Udongo ndio mlango wa magugu yote haya. Kabla ya kuchanganya, tia udongo wenye unyevu kwenye mifuko ya plastiki angavu, ufunge, uuweke kwenye jua juu ya paa la saruji. Katikati ya mfuko ikifika nyuzi 70 kwa nusu saa, au 60 kwa saa nzima, mbegu nyingi zimekufa. Wakati wa kaskazi hili hufikiwa, ila uache wiki mbili uwe na hakika. Miche mipya nayo ikaguliwe: chipukizi moja la ndago kwenye kijaluba cha mche linatosha kujaza chungu. Osha mizizi kabla ya kupanda kama una shaka.

Tuta halina magugu, lakini matunda ni haba na majani yamebanana

Stroberi imekuwa gugu la yenyewe. Kila mche hutoa kamba zinazotambaa, wakulima huziita rana, na kwenye joto letu hutolewa kwa wingi kuliko maua. Zikiachwa zishike mizizi, mistari miwili inageuka msitu usiopitisha hewa, utitiri mwekundu unaingia na matunda yanaoza chini. Kata kamba zote kwa mkasi kila wiki, karibu na mche mama. Ukitaka miche ya msimu ujao, teua miche michache yenye afya pembeni, iachie kamba mbili au tatu kila mmoja, na uziotesheshe kwenye vijaluba vyenye udongo safi badala ya kwenye tuta. Zikishika mizizi, baada ya wiki nne hivi, ndipo uzitenge na mama.